Mwanamke wa Santuri Iliyopinda

Barazani kwa Datius Buberwa, fundi cherehani wa Kashai mjini Bukoba, ugomvi ulikuwa mmoja tu, na haukuhusu mashamba wala wanawake wa watu. Ulihusu nani hasa aliyeufikisha muziki wa roki pale ulipofika. Mgeni aliyepita hapo jioni alidhani wanaume wale wanagombea urithi. Mushumbusi, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa wa Elvis Presley na hakutaka kusikia mengine. Wengine walikuja na Beatles, wengine na Jimi Hendrix, wakaondoka kama walivyokuja. Datius mwenyewe, mguu kwenye pedali na pini mdomoni, alikuwa wa Chuck Berry, na kwake shauri lilikuwa limekwisha zamani.

"Ondoa gitaa la Berry," alikuwa akisema bila kuzitema zile pini, "halafu uniambie hao wengine wangeanzia wapi."

Aliyemkosesha raha alikuwa mtu mmoja, Anatory, mtoto wa mzee Rugaibula wa Izimbya. Anatory aliwaacha wote wamalize kelele zao. Kisha, akiwa anasafisha kucha kwa kijiti cha kiberiti kama mtu asiye na haraka, aliwaambia kwamba wanapoteza muda wao bure. Kabla ya Berry, kabla ya Presley, kulikuwa na mwanamke. Mwanamke wa kanisani, Mmarekani mweusi, jina lake Rosetta Tharpe, aliyesimama na gitaa la umeme akiimba nyimbo za Mungu, akapiga mambo ambayo hao vijana wote walikuja kuyaokota baadaye.

Hapo baraza lililipuka. Mwanamke? Na gitaa? Tena la kanisani? Watu waliokua wakiona enanga, kinanda cha nyuzi cha Kihaya, mikononi mwa wanaume, wakisifia mashujaa kwenye sherehe za wanaume, hawakuweza kulimeza jambo hilo hata kwa maji.

"Umemsikia wapi wewe huyo mama yako?" Mushumbusi aliuliza kila mara.

"Masaka," Anatory alijibu kila mara.

Na kwa kuwa kila mtu alijua Masaka maana yake ni vita, kicheko kilipungua, mtu akaomba maji ya kunywa, na mazungumzo yakageukia bei ya kahawa.

Urafiki wa Datius na Anatory ulianza sekondari, walipokuwa wakipanga foleni ya gitaa moja bovu la bruda mmoja Mzungu. Lakini kilichowafunga pamoja kilitokea baadaye, mwishoni mwa mwaka sabini na nane, askari wa Amin walipovuka mpaka na daraja la Kyaka likavunjwa. Vijana wa mgambo waliitwa, na wao wawili wakaitika. Kabla ya kuondoka walikwenda Izimbya kuaga. Mzee Rugaibula aliwasikiliza, akamaliza bakuli lake la lubisi, pombe ya ndizi, kisha akawachukua nyuma ya nyumba, ndani kabisa ya kibanja, migomba ikiwaficha wasionekane njiani.

Kule aliwafungisha omukago, udugu wa damu. Kwa wembe aliwachanja kidogo chini ya kitovu. Akachuma tunda moja la kahawa lililoiva, akalipasua, akatoa buni zile mbili zinazolala ndani uso kwa uso. Moja akaipaka damu ya Datius, nyingine ya Anatory. Kila mmoja akaila ya mwenzake kutoka kwenye kiganja cha mwenzake.

"Akikuita, unaitika," mzee alisema. "Akiugua, unamfuata. Akifa, unamzika. Na hata siku moja usimwite mwongo. Haya, nendeni mkapigane."

Datius alikuwa Mkatoliki wa kweli, aliyewahi kutumikia altareni, na padri wao alikuwa akiyakemea mambo hayo kila Kwaresima. Akaimeza ile buni, akaimeza na siri yake. Hakuitaja kwenye kitubio. Alipomwoa Klaudia, binti wa katekista, alimwambia kwamba kovu lile ni la kuanguka mtini utotoni. Omunywani wake, ndugu yake wa damu, alikuwa mtu mmoja tu duniani, na waliojua hilo walikuwa watatu.

Masaka, ndani ya Uganda, waliukuta mji umekuwa vifusi, na sehemu ya vifusi hivyo waliifanya wao. Kikosi cha Anatory kilijibanza katika nyumba ambayo wenyewe walikuwa wamekimbia na kuacha chai mezani. Kulikuwa na gramafoni ya betri na rafu ya santuri. Anatory akachomoa moja iliyokuwa na picha ya mwanamke mwenye gitaa na habari zake kwenye jalada, akaiweka, akasikiliza kwa sauti ya chini upande mmoja mzima, huku mizinga ikilia upande wa pili wa mji. Datius hakuwepo. Alikuwa ametumwa kuchota maji na wenzake, na aliporudi amri ya kusonga mbele ilikuwa imekwisha tolewa. Anatory aliificha santuri ile chini ya turubai la lori, juu ya bati lililopata moto wa injini. Walipofika Kampala ilikuwa imepinda kama sufuria iliyokaliwa. Haikupigika tena, pale wala popote.

Kwa hiyo katika Bukoba yote, pengine katika Kagera nzima, aliyewahi kumsikia mwanamke yule alikuwa Anatory peke yake. Ushahidi wake ulikuwa santuri iliyojikunja, aliyoihifadhi nyumbani kwao Izimbya ikiwa imefungwa kwenye khanga ya mama yake. Datius alimcheka kwa hilo miaka mingi, na Anatory alikubali kuchekwa. Walikuwa na raha zao.

Baada ya vita Datius alinunua cherehani, Anatory akaenda visiwani. Alikaa Goziba, kisiwa cha Ziwa Viktoria, akinunua samaki kwa wavuvi wa Kisukuma, akiwakausha na kuwaleta Bukoba kwa boti. Jioni kambini aliwapigia gitaa. Pesa ilikuwepo, pombe ilikuwepo, wanawake walikuwepo, na Anatory hakuwa padri. Kila boti ilipotia nanga alipanda Kashai na furushi la sato wa moshi, akaliweka chini, akasema, "Haya, huyo Berry wako amefufuka?" Klaudia alisikia kicheko chao akiwa jikoni akajua kuongeza ndizi chunguni.

Halafu ukaja ugonjwa. Mwanzoni uliitwa Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikivushwa kwa magendo kutoka Uganda, kwa sababu waliougua kwanza walikuwa wafanyabiashara wa mpakani na wasichana waliohongwa nguo. Datius alikuwa ameshona Juliana nyingi. Sasa wateja walileta nguo hizo zigeuzwe kuwa foronya, na wengine hawakuzifuata tena. Barazani pengo likaanza kuonekana. Aliyekuwa akimtetea Hendrix alizikwa Kanyigo. Aliyekuwa wa Beatles akafuata, na mkewe baada yake. Jumamosi za harusi zikawa Jumamosi za mazishi, na fundi Datius akawa anashona nguo nyeusi kuliko za rangi.

Mwaka themanini na saba muuguzi mmoja, sista Jovita, alikuja kuzungumza na waumini kwenye ukumbi wa parokia. Alisema wazi, bila kuzungusha maneno, namna ugonjwa unavyopita. Alitaja mwanamume na mwanamke. Alitaja mama na mtoto tumboni. Alitaja damu, na wembe mmoja kwa watu wawili. Aliendelea kusema mengi mengine yenye maana, lakini Datius hakuyasikia. Alikuwa amekaa benchi la tatu, mkono wake umeshika tumbo chini ya kitovu, na kinywani amepata ladha ya buni mbichi.

Tangu siku hiyo hofu ilimwingia na haikutoka. Alijihesabia kila kikohozi. Alijipima kiuno chake kwa futikamba yake mwenyewe kila asubuhi. Alihamishia godoro chumba cha kushonea, akamwambia Klaudia kwamba kazi ni nyingi. Klaudia akaanza kumwangalia kila mwanamke aliyeleta gauni. Na Datius, badala ya kumwambia mkewe neno moja la kweli, alizidi kuchapa cherehani kama mtu anayefukuzwa.

Wiki chache baadaye boti ya Goziba ilitia nanga na Anatory akapanda Kashai. Alipanda polepole, akipumzika kwenye kila kona. Furushi la samaki lilikuwa dogo. Shati aliloshonewa na Datius Krismasi iliyopita lilining'inia mabegani kama limetundikwa kwenye mti. Akakaa, akapata pumzi, akatabasamu.

"Fundi," alisema, "nipunguzie shati hili. Naona limekua."

Mushumbusi alicheka kwa adabu. Datius hakucheka. Kupunguza shati ni kumzungushia mtu futikamba kifuani, kumsogelea mpaka pumzi zikutane, kupitisha vidole kwapani. Ni kazi aliyoifanya kila siku kwa watu wa kila aina. Akaitazama futikamba iliyoning'inia shingoni mwake, asiiguse.

"Kwanza tulimalize lile la huyo mwanamke wako," alisema.

"Lipi tena?"

"Hayupo. Umemtunga. Hakuna aliyemsikia, hakuna anayemjua, santuri yenyewe haipigi. Miaka yote hii unatupotezea muda. Wewe ni mwongo, Anatory."

Neno lile lilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. Mushumbusi akainua kichwa. Hata mama muuza maandazi wa ng'ambo ya barabara aligeuka. Kwao lilikuwa tusi la kawaida la barazani, na kesho yake lingesahaulika. Anatory peke yake alijua limevunja nini. Alimtazama Datius usoni, akamtazama mikono, akaitazama ile futikamba. Kisha akainuka, akaacha samaki pale walipokuwa, akashuka kuelekea stendi. Hakurudi Goziba tena. Alikwenda Izimbya kulala kitandani kwa mama yake.

Ndivyo Kashai ilivyopata habari kwamba watu wazima wawili wameacha kusemeshana kwa ajili ya wanamuziki wa Marekani. Watu walivunjika mbavu. Hapakuwa na vichekesho vingi mwaka ule, kwa hiyo hicho kimoja walikitumia vizuri. Datius aliwaacha wacheke. Afadhali aonekane mjinga kuliko mwoga. Alipoulizwa kwa nini haendi kumwona mgonjwa, alisema, "Mpaka afute aliyoyasema," kana kwamba aliyetukanwa ni yeye.

Kokuberwa, dada yake Anatory, alikuja mara ya kwanza mvua zikiwa zinaanza.

"Kaka anakuulizia," alisema akiwa amesimama, amekataa kiti.

"Mwambie akiri kwanza kwamba ni Berry."

Kokuberwa alimtazama kama anayemtazama kichaa wa sokoni. "Anatapika kila anachokula, nawe unaniambia habari za Beri?"

"Anajua mwenyewe."

Akaondoka. Datius akarudi kwenye pindo la sketi alilokuwa akilishona, akalishona likaenda upande, akalifumua. Alijichukia. Alijua njia ya Izimbya kuliko alivyojua sala zake. Alijua kinachomngoja kule ni mtu mmoja aliyemla damu akamlisha yake, na kwamba kila siku inayopita ile ahadi ya kibanjani inaoza. Lakini akifikiria kile chumba, kile kitanda, mkono ule ukinyooshwa, alivuta nguo nyingine ya kushona. Kama hakumwona Anatory akifa, basi yeye mwenyewe hakuwa amekwisha kufa. Ndivyo akili yake ilivyokuwa ikizunguka.

Mara ya pili Kokuberwa hakusimama. Alikaa kwenye ngazi, akafuta matope miguuni kwa jani la mgomba, akasema bila kumtazama:

"Amesema umeshinda. Amesema nikwambie hivi hivi: ni Chuck Berry. Hakuna mwanamke. Alimtunga. Sasa njoo."

Mushumbusi alipiga makofi mara moja, akaona hakuna anayemfuata, akaiacha mikono mapajani. Datius alihisi kama mtu aliyekuwa ameegemea ukuta, ukuta ukaondoka. Miaka yote alitaka kuyasikia maneno yale. Sasa yamekuja, na hayakuwa na utamu wowote. Kisingizio chake alikuwa amerudishiwa mkononi, kimefungwa vizuri, na hakikuwa na kazi tena.

"Nitakuja," alisema.

"Lini?"

"Nikimaliza hizi nguo."

Kokuberwa aliinuka. "Waitu, Datius. Sijui alikupendea nini."

Klaudia alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, mwiko mkononi. Alingoja Mushumbusi aage, akafunga mlango wa duka mchana kweupe, akasema:

"Baba Adventina, sasa niambie. Huyo mwanamke unayemficha humu ndani ni nani? Maana umenihama, na rafiki yako umemhama. Mtu hahami watu wote hivyo bure."

Basi Datius akamwambia. Alikaa juu ya lundo la vitambaa akamwambia yote, kuanzia kibanja na wembe mpaka benchi la tatu la parokia. Aliinua shati akamwonyesha kovu la kuanguka mtini. Alilia kama mtoto aliyepotelewa na mbuzi wa watu. Klaudia alisikiliza mwiko ukiwa umemkaukia mkononi, na uso wake ulipita kwenye hofu, ukapita kwenye hasira, ukatua mahali ambapo Datius hakupategemea.

"Miaka minane," alisema. "Umenizalisha watoto watatu ukiwa na hilo tumboni, hujaniambia. Kisha ukaniacha nidhani ni malaya. Sikiliza. Kama umekufa, basi nami nimekwisha kufa zamani, na hakuna tunachookoa humu. Na kama hujafa, unakaa hapa kufanya nini? Anatory alikwenda Goziba lini? Kabla ya vita au baada?"

"Baada."

"Basi vaa viatu."

Alikwenda kesho yake asubuhi kwa baiskeli. Njia ya Izimbya ilikuwa ile ile, migomba huku na huku, kahawa ikiwa na maua, lakini karibu kila kibanja kilikuwa na udongo mpya na msalaba mpya. Nyumba tatu alizozijua zilifungwa kwa misumari. Watoto walikuwa wakilima peke yao mahali ambapo baba na mama zao walipaswa kuwepo. Aliendesha macho yakiwa mbele.

Mama Bernadina, mama yake Anatory, alikuwa akimenya ndizi uani. Mzee Rugaibula alikuwa amekwisha fariki miaka michache nyuma, kwa uzee, kifo ambacho sasa kilionekana cha anasa. Datius alipiga magoti kumsalimu kwa Kihaya, na bibi yule akamwitikia bila kumlaumu. Hilo lilimuuma zaidi.

"Ingia, tata," alisema. "Anakusubiri tangu mvua."

Anatory alikuwa amelazwa karibu na dirisha. Kilichobaki pale kilikuwa macho na meno. Alipomwona Datius mlangoni macho yale yalicheka.

"Umekuja kuchukua ushindi wako?"

"Nimekuja kukuona."

"Ushindi wenyewe nimekunyang'anya. Nilimdanganya Koku. Yupo, Datius. Rosetta yupo. Nilimsikia kwa masikio haya."

Datius alicheka na kulia kwa pamoja, kicheko kikatoka puani kama cha mtoto. Akavuta kigoda akakaa, si karibu sana. Wakaanza. Datius akasema hata kama yupo, Berry ndiye aliyewapa vijana hadithi zao, magari na shule na mapenzi, na wimbo wa Mungu haumchezeshi kijana. Anatory akasema hajui asemalo. Mkono wa kulia wa mwanamke yule ulikuwa ukiruka kwenye nyuzi kama kuku aliyekanyaga jivu la moto, na Berry na wenzake walikuwa bado watoto wanaosikiliza. Alizungumza akipumzika kati ya maneno. Kwa muda kidogo kile chumba kikawa baraza.

Mama Bernadina akaleta kahawa ya kutafuna, yale matunda mazima yaliyochemshwa kwa majani na kukaushwa, katika kijikapu chenye kifuniko. Hakuna nyumba ya Mhaya inayompokea mgeni bila hiyo. Akakiweka kijikapu kitandani, akatoka.

Anatory alikifungua. Akachagua tunda moja, akalipasua kwa ukucha, zikatoka buni mbili. Moja akaishika. Nyingine akaiweka katikati ya kiganja, akakinyoosha kwa Datius kama walivyofanya kibanjani.

Datius alikiona kiganja kile. Aliona ngozi iliyochubuka, aliona kidonda kidogo kando ya kidole gumba. Alimkumbuka Klaudia. Alijiambia anyooshe mkono. Mkono haukunyooka. Haukuwa muda mrefu, mtu angeweza kusema Salamu Maria moja tu. Lakini Anatory alikuwa akimtazama usoni.

Anatory akakirudisha kiganja. Akazitia buni zote mbili kinywani mwake, akazitafuna taratibu.

"Ile ya kwanza ilikuwa salama," alisema. "Nilikuwa bado mzima, Datius. Mambo yangu yote niliyapata kisiwani. Nilijua unaogopa nini tangu siku ile ya futikamba. Nilitaka tu uje nikwambie, usikae ukijiua bure."

"Anatory." Datius alinyoosha mkono kuelekea kijikapu. "Nipe nyingine."

Anatory alikifunika. "Acha. Mtu halazimishwi."

Nje mama Bernadina alikuwa akipasua kuni. Datius alikaa na mkono wake hewani, hajui auweke wapi, na aibu ilimpanda mpaka masikioni. Anatory alifumba macho, akayafumbua tena. Huruma ilimshinda hata pale.

"Shati," alisema. "Lile la Krismasi. Hilo je, unaweza?"

Datius akasimama. Akaitoa futikamba shingoni, akamwinua rafiki yake kwa mkono mmoja akamwegemeza kifuani pake, akampima. Mabega, kifua, mkono. Alimpima kwa vidole vyake vyote, bila haraka, kama anavyopimwa bwana harusi. Hakukuwa na cha kupima. Akachukua sindano, akakaa pale pale ukingoni mwa kitanda akalipunguza shati kwa mkono, huku Anatory akimnong'oneza tena kuhusu yule mwanamke, jinsi alivyopiga, jinsi alivyocheka katikati ya wimbo. Safari hii Datius hakubisha.

Anatory alizikwa na shati hilo, likiwa limemkaa vizuri. Datius alichimba kaburi pamoja na wanaume wa ukoo, na alipoulizwa kwa nini mtu wa nje anashika jembe la kwanza, alisema mbele ya padri na mbele ya mkewe kwamba yeye ni omunywani wa marehemu. Padri alitazama chini. Siku ya kuanua matanga mama Bernadina alimkabidhi kitu kilichofungwa kwenye khanga.

Datius hakuugua. Mwaka baada ya mwaka alijipima kiuno na kiuno kilikuwa kile kile, kisha kikaanza kunenepa, na Klaudia akamzalia mtoto mwingine. Uzima ule haukumpa raha aliyoitarajia. Ile santuri iliyopinda aliitundika ukutani juu ya cherehani. Wateja wapya walidhani ni bakuli.

Ugomvi wa baraza haukufa. Mushumbusi alibaki na Presley wake, na vijana waliorudi kutoka vyuoni walileta majina mapya. Walipomgeukia fundi wakitegemea kusikia habari za Chuck Berry kama walivyosimuliwa, aliwaacha wamalize. Kisha alitoa pini mdomoni, moja moja, akawaambia kwamba kabla ya hao wote kulikuwa na mwanamke wa kanisani mwenye gitaa la umeme, na kwamba mkono wake wa kulia uliruka kwenye nyuzi kama kuku aliyekanyaga jivu la moto. Aliutetea ukweli huo mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Hakukubali kushindwa hata siku moja.

"Lakini mzee," kijana mmoja alimwuliza, "wewe mwenyewe umewahi kumsikia?"

"Sijamsikia," Datius alisema. "Aliyemsikia ni Anatory, na Anatory hakuwa mwongo."